Bei wazi, "bei kuanzia" au "omba kwoti": kampuni yako ya utalii iandike nini kwenye websaiti?

Kama una kampuni ya utalii Arusha, Moshi au Zanzibar na ndo unatengeneza websaiti, kuna sehemu itakukwamisha kuliko logo, rangi na picha za tembo zote zikijumlishwa, nayo ni bei. Unaweka? Huweki? Unaweka nusu nusu? Wengi wanaamua kwa kuchungulia jirani kafanyaje, na jirani naye alichungulia kwa jirani yake, mwisho wa siku mtaa mzima unafanana na hakuna anayejua kwanini.

Njia zinazotumika ni tatu. Ya kwanza unaandika bei kamili pamoja na mchanganuo wake. Ya pili unaandika "kuanzia dola kadhaa" afu mengine mtaongea. Ya tatu huandiki kitu, mteja anajaza fomu au anakucheki WhatsApp unamtumia kwoti, yaani bei ya safari yake peke yake. Zote zina watu zinaowafaa na zote zimewahi kuua kampuni za watu, kwa hiyo nitazipitisha kwenye vipimo vilevile.

Vipimo ninavyotumia

Cha kwanza ni mteja anaelewa nini kabla hajakuandikia. Kumbuka huyu mtu yuko Hamburg au Toronto, hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege wa KIA, na unamtaka atume diposito kwa kampuni ambayo jina lake kaliona jana usiku. Hana shangazi Arusha wa kumuulizia. Cha pili ni kazi inayobaki kwako, imeli za kujibu na bei za kubadilisha. Cha tatu, mawakala na washindani wako watafanya nini wakiona. Cha nne, siku mambo yakienda kombo itakuwaje, yaani mteja kashafika na kuna hela inabishaniwa. Mwisho, inamfaa nani.

Ila kabla ya hapo kuna jambo ambalo watu wa "uwazi ndo kila kitu" huwa hawalisemi. StubHub, kampuni ya Marekani inayouza tiketi za mechi na matamasha, mwaka 2014 iliamua kuonyesha bei kamili tangu ukurasa wa kwanza, ada zote ndani. Mwaka uliofuata wakajaribu, baadhi ya wateja wanaona ada mwanzoni, wengine wanaziona wakati wa kulipa tu. Waliofichwa ada walitumia hela zaidi kwa kama asilimia 20, na StubHub wakarudi kwenye kuficha. Kwa hiyo akija mtu wa masoko akakuambia ukiweka bei wazi tu mauzo yatapanda yenyewe, mwambie akae kwanza.

Sasa tiketi inanunuliwa kwa dakika chache simu ikiwa mkononi. Safari ya Serengeti mtu anaipangilia miezi, anafungua websaiti kumi zikiwa sambamba, anamuuliza mkewe, anasoma TripAdvisor mpaka maoni ya mwaka juzi, halafu akishakuja anakaa na dereva wako wiki nzima ndani ya gari moja. Ile hela uliyomfichia ataigundua akiwa na muda mwingi sana wa kuiongelea. Na huko kwao sheria zinazidi kumzoesha kuona bei ya mwisho, Umoja wa Ulaya umeshalazimisha nauli za ndege zionyeshwe na kodi zote ndani tangu 2008, Marekani tangu Mei 2025 ina kanuni ya aina hiyo kwa tiketi za matamasha na malazi ya muda mfupi, na Airbnb mwaka huohuo wakafanya jumla ya bei ndo kitu cha kwanza kuonekana duniani kote. Mtu aliyezoea hivyo akikutana na bei inayokua kila imeli anaanza kunusa.

Njia ya kwanza: bei wazi na mchanganuo

*Mteja anaelewa nini.* Hapa ndo njia hii ina nguvu, na hakuna sehemu inaonekana vizuri kama Mlima Kilimanjaro, kwa sababu gharama kubwa pale ni ada za hifadhi ambazo TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wenyewe wanazitangaza. Kwa miaka kadhaa sasa mgeni wa nje analipa dola 70 kwa siku kuwa ndani ya hifadhi, dola 50 kwa usiku kulala kambini na dola 20 ya uokoaji kwa safari, na hapo VAT ya asilimia 18 bado. Chukua njia ya Machame ya siku 7, usiku 6. Hifadhi 490, kambi 300, uokoaji 20, jumla 810, weka VAT inafika karibu dola 956. Hiyo kampuni haijaigusa, inaenda moja kwa moja hifadhini.

Sasa kuna websaiti zinauza siku hizohizo kwa dola 1,200. Inabaki kama 244 ya muongozaji, mpishi, wapagazi (wabeba mizigo) watatu au zaidi kwa kila mpandaji, chakula cha wiki, gari la kwenda getini na kurudi, hoteli kabla na baada, na faida. Piga hesabu mwenyewe nani anaumia hapo. Mteja asiyejua hizi ada anakuona wewe wa dola 1,900 ni mwizi na yule wa 1,200 ni mtu mwema. Akiuona mchanganuo, swali lake linageuka, anaanza kumuuliza yule wa bei rahisi "wapagazi wako unawalipa nini?" Yaani unamfundisha mteja kukagua soko zima, na wewe ukiwa msafi unafaidika. Kama uko na KPAP, lile shirika linalofuatilia maslahi ya wapagazi, andika pia, maana wana orodha ya kampuni washirika na mteja anaweza kuicheki bila kupitia kwako. Kitu anachoweza kukithibitisha bila wewe kina uzito kuliko aya kumi za "we are the best".

Kwa safari za mbuga mchanganuo ni mgumu kidogo lakini kuna vipande vinavyowekeka. Mfano kushuka kreta ya Ngorongoro, ile ada ya gari ambayo kwa miaka imekuwa dola 295 ukiweka na VAT. Mteja akiona hiyo anaelewa kwanini watu wawili ndani ya gari moja wanalipa zaidi kwa kichwa kuliko sita.

*Kazi kwako.* Imeli za "how much" zinapungua, zinazobaki ni za watu walioshaamua nusu. Ila bei inahitaji kulelewa. Ada za serikali mara nyingi hubadilika Julai mwaka wa fedha unapoanza, lodji zina bei za msimu, na ukiiacha websaiti na bei ya mwaka juzi umejifunga mwenyewe. Weka tarehe: "bei hizi ni kwa safari za mpaka tarehe fulani, ada za hifadhi zikibadilika utalipa tofauti hiyo tu na tutakuonyesha tangazo." Sentensi moja inakuokoa ugomvi mwingi.

*Mawakala na washindani.* Hapa panauma. Washindani watakukopi mpaka koma, afu watashusha dola 50. Na kama unauza kupitia mawakala wa Ulaya, wao wanaongeza chao juu ya bei yako, sasa mteja wao akigoogle akakuta unauza rahisi kuliko wakala, wakala anakupigia kwa hasira na haki anayo. Halafu kuna bei za mkataba ambazo lodji zinakupa, hizo ni siri kati yenu, ukizianika umevunja makubaliano. Kwa hiyo mchanganuo wako lazima uishie kwenye ada za umma na makundi makubwa, malazi kiasi fulani, usafiri kiasi fulani, basi. Hakuna mteja mwenye akili atakudai faida yako kwa senti.

*Mambo yakienda kombo.* Una ushahidi. Ukurasa upo, mteja aliusoma, hakuna la kubishana isipokuwa ulisahau kuandika kitu. Na kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni tipu. Kilimanjaro tipu ya timu nzima inaweza kufika mamia ya dola, na kuna wageni wanakuja kuambiwa usiku wa mwisho kambini, wamechoka, magoti yanauma, wanaletewa bahasha. Andika kwenye ukurasa wa bei kabisa, sio kwenye maswali ya mara kwa mara huko chini ambako hata wewe huendi.

*Inamfaa nani.* Kampuni zenye ratiba zinazojirudia, hasa mlima na zile safari za kujiunga na kundi zenye tarehe maalum. Pia kampuni mpya isiyo na maoni mengi mtandaoni, maana bado huna jina la kukuombea.

Njia ya pili: "bei kuanzia"

*Mteja anaelewa nini.* Anaelewa kiwango chako, kama uko kwenye dola 200 kwa siku au 800, na hiyo peke yake ni msaada mkubwa. Shida ni ile namba inatoka wapi. "Safari siku 4 kuanzia dola 780" mara nyingi maana yake ni watu sita kwenye Land Cruiser moja, mwezi wa nne mvua zikinyesha, mnalala mahema ya kambi ya umma. Mteja ni wanandoa wanataka Agosti, wanataka lodji yenye bwawa. Kwoti inakuja dola 1,900 kwa kila mmoja. Hukudanganya hata neno moja! Lakini wao wanahisi wamedanganywa, na hisia hiyo huiondoi kwa kueleza.

Mimi hii ndo naiona hatari kuliko zote tatu ikitumiwa vibaya, na pia ndo inayosaidia zaidi ikitumiwa vizuri, tofauti ni mistari miwili mitatu tu. Andika namba ya chini inahusu watu wangapi, msimu gani, malazi gani. Afu weka na mfano wa katikati: "Wanandoa wengi wanaosafiri Agosti na kulala lodji za kati wanaishia kati ya dola hii na hii." Jedwali dogo la watu 2, 4, 6 kwa misimu miwili linatosha kabisa. Kama kila mteja wako wa mwaka mzima alilipa mara mbili ya "kuanzia" yako, basi hiyo namba ni chambo, ipandishe.

*Kazi kwako.* Ya wastani. Bado unaandika kwoti lakini watu wa bajeti ambayo huifanyi wamejichuja wenyewe. Kubadilisha bei mara moja kwa mwaka kunatosha.

*Mawakala na washindani.* Wakala hana neno, "kuanzia" haimharibii. Washindani wanabaki kubahatisha. Kuna kishawishi kimoja tu, kwenye portali kama SafariBookings ambako unakaa kwenye orodha moja na kampuni kibao na mteja anaweza kupanga kwa bei, kila mtu anataka namba yake iwe ndogo kabisa. Ukiingia kwenye huo mchezo unapata maombi mengi na wateja wachache, unashinda usiku kujibu watu ambao wangekukimbia hata mchana.

*Mambo yakienda kombo.* Inategemea na ulivyoandika. Kwoti ya mwisho ndo itakayosomwa kukiwa na mgogoro, kwa hiyo iwe na kila kitu, hasa kisichojumuishwa: viza, tipu, makato ya kulipa kwa kadi, nyongeza ya anayelala chumba peke yake, na kama wanamalizia Zanzibar ile bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024. Hayo makato ya kadi naomba tuongee kidogo. Mteja kakubali dola 3,000, anafungua linki ya malipo anakuta 3,120. Hiyo 120 inaweza kukugharimu zaidi ya faida ya safari nzima, maana imekuja dakika ambayo ameshika kadi na moyo unamdunda. Iingize kwenye bei mapema, au iseme siku ya kwanza.

*Inamfaa nani.* Kampuni zinazotengeneza safari za mbuga kwa ladha ya mteja, zenye viwango vya malazi tofauti. Kwa kifupi kampuni nyingi za Arusha.

Njia ya tatu: "omba kwoti"

*Mteja anaelewa nini.* Kuhusu hela haelewi chochote. Wapo watakaofunga ukurasa hapohapo, hasa vijana wanaobeba mabegi mgongoni, wao bei isipoonekana wanajua ni ghali. Ila tusiionee hii njia. Mtu anayetaka siku 12 kusini, Ruaha na Nyerere, ndege ndogo, kambi zenye mahema kumi tu, huyo hategemei kukuta bei kwenye ukurasa, anategemea kuongea na binadamu anayejua. Kwake bei iliyoandikwa kwa herufi nyekundu na "offer" pembeni ndo inampunguzia imani.

*Kazi kwako.* Nyingi. Kila swali ni kwoti, kila kwoti ni saa nzima, na nusu ya watu hawakujibu tena. Bila mtu wa kujibu ndani ya siku moja usijaribu. Ukikaa siku tatu kimya mtu kashalipa kwingine.

*Mawakala na washindani.* Amani tele. Hii ndo sababu ya kweli ya kampuni nyingi kubwa kutoweka bei, wanaishi kwa mawakala. Washindani nao wataomba kwoti kwa jina la uongo, mnafanyiana wote, tunajuana.

*Mambo yakienda kombo.* Hatari yake ni kwamba mteja anashuku unapima mfuko wake. Mmarekani kapewa bei moja, Mpoland kapewa nyingine, afu wanakutana kambini Seronera, Serengeti, jioni wanalinganisha. Kama huna kanuni ya ndani inayotoa bei ileile kwa safari ileile, hii njia itakuumbua. Na usipoonyesha bei itabidi uonyeshe kingine, unafanya kazi vipi, diposito asilimia ngapi, mteja akighairi anarudishiwa nini na kwa muda gani, nani atampokea. Websaiti isiyo na bei, isiyo na majina ya watu, isiyo na masharti ya kughairi, ina picha za simba tu, hiyo inafanana na websaiti ya matapeli hata kama una miaka 20 kazini.

*Inamfaa nani.* Safari za kifahari, makundi ya mashule na makanisa, watu wa kutengeneza filamu, na wanaouza zaidi kwa mawakala.

Ambavyo havibadiliki ukichagua yoyote

Haraka haraka. Jina la kampuni lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, liandikwe kamili, maana mara nyingi jina la websaiti na jina la akaunti ya benki ni vitu viwili tofauti na mteja akiona anaambiwa atume hela kwa jina asilolijua anaishia hapo. Namba ya leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii. Kama ni mwanachama wa TATO, chama cha kampuni za utalii, sema, kama sio usibandike logo yao, orodha ipo na watu wanaangalia. Picha ziwe za magari yako kweli, kuna websaiti ina Land Cruiser mpya kabisa afu mgeni anapokelewa na kitu kinachovuja mafuta KIA.

Na picha za wageni ombeni ruhusa. Tanzania sheria ya kulinda taarifa binafsi imeanza kufanya kazi Mei 2023, na mwaka huohuo Kenya mgahawa mmoja wa Nairobi ulipigwa faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Maoni mabaya nayo acheni yakae, yajibiwe kwa utulivu. Websaiti yenye nyota tano tupu kuanzia mwaka wa kwanza mpaka leo, mimi binafsi naifunga.

Kwa hiyo wewe uko wapi?

Kama unauza mlima, weka bei wazi na ada za hifadhi zikiwa na mstari wao peke yake. Wakala wako akilalamika, mkubaliane kwamba websaiti ina bei ya rejareja na yeye anapata punguzo lake kwenye hiyohiyo, wengi wanakubali.

Kama unauza safari za mbuga kwa watu wa kawaida na una viwango vitatu vya malazi, nenda na "kuanzia" yenye jedwali. Usipokuwa na muda wa kutengeneza jedwali, andika angalau mfano mmoja wa kweli wa wanandoa msimu wa juu.

Kama asilimia kubwa ya wageni wako wanaletwa na mawakala, bei zikae kwenye kwoti, lakini ukurasa wa masharti ya malipo na kughairi uwe wazi kabisa, bila kuomba imeli ya mtu kwanza.

Kama ndo unaanza, huna maoni, huna wakala, una gari moja la kukodi, bei wazi kwa bidhaa mbili tatu tu unazozijua vizuri, nyingine zote "omba kwoti". Hakuna aliyesema lazima websaiti nzima iende njia moja. Wapo wanaoweka mlima wazi, mbuga "kuanzia" na fungate Zanzibar kwa kwoti, na mteja haoni ajabu ilimradi kila ukurasa unasema mapema uko kwenye mfumo gani.

Na kama bei zako kwa sasa huwezi kuziandika popote kwa sababu hata wewe hujui safari ya siku 5 inakugharimu kiasi gani hasa mpaka gari lirudi, anza na daftari la gharama, websaiti isubiri.